Tanuri la Awali la Bi Sikitu

Jamhuri ya Tunakaribia msiitafute kwenye ramani, maana mchora ramani wetu ndiyo kwanza amefika hatua ya kuchonga penseli. Iko huko huko iliko, ina mpaka upande mmoja, na mimi ni raia wake mtiifu. Naandika haya kuisifu. Msomaji atakayecheka acheke kwa adabu, na kabla hajacheka achungulie kwanza dirishani kwake.

Sisi Watunakaribia ni watu wa hatua za awali. Mataifa mengine yanamaliza mambo, sisi tunayaanza, na kuanza ndiko kugumu, kila mtu anajua. Tuna daraja zuri sana linalofika katikati ya mto. Siku ya kulizindua, kiongozi alikata utepe, akatembea mpaka lilipoishia, akayatazama maji, akarudi huku tukimpigia makofi. Tuna Rais Mtarajiwa wa Kudumu. Tuna sikukuu kubwa ya Mkesha wa Uhuru. Kesho yake, siku ya Uhuru wenyewe, tunakwenda kazini kama kawaida. Na ule msemo wa wazee kwamba ahadi ni deni, Bunge liliukalia kikao, likaona unaichafulia serikali jina, likaurekebisha. Watoto wetu sasa wanafundishwa shuleni: ahadi ni zawadi.

Kazi yangu mimi ni kupiga tarumbeta. Kwingine tarumbeta zinalishwa na harusi. Kwetu vijana wengi wameganda kwenye uchumba, kwa hiyo harusi hazitoshi hata kununua mafuta ya kulainisha vali. Anayetulisha sisi ni benki.

Mambo yalianza pale Waziri wa Hatua za Awali, Mheshimiwa Dakta Ngwegwe Pazia, aliposimama redioni. Nasema alisimama kwa sababu mtangazaji alituarifu hivyo, tukasimama na sisi.

"Ndugu wananchi!" alisema. "Dalili ya mvua ni mawingu. Serikali yenu sikivu imeona mnataabika kwa kukosa mvua, nayo imeamua kuwapa mawingu. Kuanzia saa hii, kila raia mwenye simu amestahili kwa awali kupata mkopo wa Benki ya Matarajio!"

Simu zikalia nchi nzima. Ujumbe ulikuwa mmoja: "Hongera, mteja mpendwa! Kwa jinsi tunavyokudhania, unaonekana unaweza ukastahili mkopo. Vigezo na masharti vitakufuata." Hata simu ya marehemu Mzee Tandu ililia, imewekwa juu ya kabati. Mjane wake alipokwenda benki kuuliza, aliambiwa benki haibagui.

Basi ikazuka desturi. Mtu akipata ujumbe ule, majirani wanamvika shada la maua, tarumbeta zinamzungusha mitaa yote, na yeye anapika pilau la watu wote. Wengine walipata ujumbe wa kadi ya mkopo. Hao ndio walikuwa wateule hasa, maana walitumiwa na kadi yenyewe, iliyochapwa upande mmoja. Upande wa pili ungechapwa wakiidhinishwa. Niliona mtu mzima, baba wa watoto, ameivaa shingoni kwa kamba, anakwenda nayo msikitini.

Nami nilipuliza tarumbeta mpaka midomo ikafura. Nakiri zilikuwa siku njema.

*

Jirani yangu Bi Sikitu alikuwa muuza mikate ya mofa. Alikuwa na kibanda mlangoni pa soko alichoachiwa na marehemu mama yake, na nyuma ya kibanda lilikuwapo tanuri la udongo, jeusi, lenye tumbo, ambalo aliubandika mkate kwenye ukuta wake wa ndani na kuubandua ukiwa umetuna na kububujika harufu. Mji mzima ulikula kwake. Mume hana, ndugu hana, ana kile kibanda na ulimi wake.

Mwaka huo Halmashauri ilitoa amri: kila mwoka mikate awe na tanuri la umeme lililoidhinishwa kabla ya Mkesha wa Uhuru, la sivyo kibanda chake kitapewa mwingine. Umeme wenyewe ulikuwa bado, ila nguzo zilishasimamishwa, na wataalamu walisema waya ni jambo dogo. Tanuri la namna hiyo Bi Sikitu angelitoa wapi? Kwa hiyo alipowajibu benki kwamba anauza mikate, nao wakamtumia ujumbe wa mkopo wa tanuri, mtaa mzima tuliona Mungu amemfungulia.

Nikamwendea na wenzangu, tarumbeta mkononi. Nilimkuta anakanda unga.

"Hongera, Bi Sikitu! Umestahili tanuri kwa awali!"

"Liko wapi?"

"Nini?"

"Hilo tanuri."

"Ah, jirani, mbona unakwenda mbio? Haraka haraka haina baraka. Kwanza tusherehekee."

Alitutazama mmoja mmoja, wanaume wazima tumeshika mabomba yanayong'aa. Lakini kukataa sherehe kwetu ni kuitia serikali ila, na majirani walishaanza kuleta sahani zao. Akapika pilau. Akatumia mchele wake wa mwezi na kuku wake wawili, tukala, tukapiga muziki, tukamwombea dua. Kesho yake alivaa baibui lake la safari akaenda benki, na mimi nikamsindikiza, kwa sababu nilikuwa bado nimeshiba chakula chake.

*

Benki ya Matarajio ni jengo la ghorofa ambalo ngazi zake zimefika ghorofa ya kwanza. Tulipokewa na afisa mmoja kijana, Bwana Ndambo, mwenye tai fupi na adabu ndefu.

"Shikamoo, mama. Karibu ukae."

"Marahaba, mwanangu. Sikai. Nimekuja kuchukua tanuri langu."

Bwana Ndambo alitabasamu kwa huruma. "Mama, wewe umestahili kwa awali. Maana yake tumekutazama kwa mbali tukaona unapendeza. Ulisema unauza mikate, tukakuamini hivyo hivyo. Hatujakuahidi kitu."

"Na nilivyopika pilau?"

"Hilo ni la hiari yako, mama, na benki inashukuru. Sasa ukitaka tukujue vizuri, iko hatua ya pili. Inaitwa idhini ya awali. Hapo hatukuamini tena. Tunakuja kukukagua, kuona kama uliyoyasema ni kweli. Ukipita, tunakuidhinisha."

"Mnanipa tanuri."

"Tunakuidhinisha kwa awali, mama. Tunatamka kwamba tungekupa, iwapo hakuna kitakachobadilika kati ya siku ya kutamka na siku ya kukupa."

"Na siku ya kunipa ni lini?"

Bwana Ndambo aligeuka kuitazama kalenda ya ukutani. Ilikuwa na Januari peke yake.

Bi Sikitu alivuta pumzi. "Nimekuelewa, mwanangu. Kwanza mnanikonyeza, halafu mnaniposa, na kadhi mmemfungia chooni. Njoo unikague. Kibanda changu hakina muda wa kukonyezwa."

*

Bwana Ndambo alikuja Jumatatu, akasimama nje ya dirisha la Bi Sikitu, akachungulia.

"Karibu ndani, mwanangu, jua kali," Bi Sikitu akamwambia.

"Asante, mama, nisubiri kidogo. Nikichungulia alama zako za uaminifu hazipungui. Nikiingia tu, zinashuka."

"Kwa nini zishuke, nami sijafanya kitu?"

"Kwa sababu mtu anayekaguliwa lazima ana jambo, mama. Watu wasio na jambo hawakaguliwi."

Mwishowe aliingia, alama zikashuka. Alifunua vyungu, akahesabu vijiko, akanusa unga. Kila alipofungua kitu kipya aliomba radhi na kupunguza alama nyingine. Kisha akatoka kuwahoji majirani, na wa kwanza nilikuwa mimi.

"Huyu mama hukopa chumvi kwako?"

"Hukopa," nikasema, nikidhani namsaidia.

"Hurudisha?"

"Siku ile ile!"

Bwana Ndambo alikunja uso. "Hiyo si dalili nzuri. Mtu anayerudisha upesi hivyo atatulipa kabla riba haijanenepa. Halafu deni kubwa hana hata moja. Sasa benki itamwaminije mtu wa kumkopesha ambaye hajawahi kukopa?"

Ikabidi Bi Sikitu akope, apate kuaminiwa. Akaja kwangu kuazima kinu, yeye mwenye vinu viwili uani. Nikamwuliza atakirudisha lini. Akanijibu kwa hasira kwamba ameagizwa achelewe, ila asichelewe sana, na kwamba kama kuna mtu mwenye akili katika nchi hii basi na ajitokeze hadharani watu wamwone. Kinu kilikaa kwake wiki nzima bila kutwanga kitu. Alipokirudisha, alama zake zilipanda kama homa, na benki ikatangaza kwamba Bi Sikitu wa Mlango wa Soko ndiye raia wa kwanza mjini kwetu kupata idhini ya awali ya tanuri.

*

Hafla ilifanyika uwanjani, na Mheshimiwa Dakta Ngwegwe Pazia alikuja mwenyewe, na walinzi wake, na wapiga picha, na kiti chake. Tarumbeta zilikuwa kumi na tulipewa soda.

"Ndugu wananchi," alisema Waziri, "maadui zetu wanauliza, maendeleo yako wapi? Leo wayaone kwa macho! Tunamkabidhi mama huyu tanuri!"

Vijana wawili wakalibeba jukwaani. Kutoka mbali lilikuwa tanuri hasa, lina vitufe, lina mlango wa kioo na taa nyekundu. Lilipofika karibu nikaona limechorwa kwenye kadibodi. Chini yake palikuwa na sahihi ya Waziri, kubwa kuliko mlango wa tanuri. Watu wa utawala huliita tanuri la awali: unakabidhiwa hilo kwanza, upigwe nalo picha, na la chuma linafuata taratibu zikikamilika. Upepo ulilichukua kidogo na Bi Sikitu akalidaka. Picha hiyo ndiyo iliyotoka magazetini: mama amelikumbatia tanuri, macho yamemtoka. Chini waliandika kwamba amezidiwa na furaha.

Kesho yake asubuhi alikuja bwana afya wa Halmashauri na vijana wenye nyundo. Bi Sikitu alidhani wamekuja kumnyang'anya kibanda, akaliinua lile kadibodi mbele yake kama ngao.

Bwana afya akalisoma, akaiona sahihi ya Waziri, akavua kofia. "Hongera, mama. Tanuri lililoidhinishwa tumeliona. Kibanda ni chako." Akaliandika kwenye rejista. Kisha akazunguka nyuma. "Na hili la udongo ni la nini?"

"La kuokea mikate."

"Mama, sheria inasema kila mwoka mikate na tanuri moja. Wewe unalo. La pili ni anasa, na lina masizi." Akawaashiria vijana.

Lilianguka kwa mapigo matatu. Ndani yake bado mlikuwa na joto la alfajiri, na mkate mmoja ulikuwa umebanduka, ukaviringika mpaka miguuni kwangu. Wenzangu walinitazama, maana desturi ni kupuliza tarumbeta kila serikali inapotekeleza jambo. Sikupuliza. Niliumia sana, nasema kweli, na mimi si mtu wa kuumizwa na serikali yangu.

Bi Sikitu alikuwa amekaa chini, ameshika kadibodi. "Sasa nioke na nini?" alimwuliza bwana afya, kwa sauti ya chini kabisa.

"Na tanuri lako, mama," akajibu bwana afya, kwa upole. "Ila kumbuka, kibanda kisichotoa mkate mpaka Mkesha wa Uhuru kinarudi Halmashauri."

*

Siku zikapita bila mkate. Tulikunywa chai kavu, na watu walipopita mlangoni pa soko walinusa kwa mazoea, halafu wakakumbuka. Bi Sikitu alikwenda benki kuuliza habari ya tanuri la chuma. Bwana Ndambo alimweleza kwa masikitiko kwamba idhini yake ya awali imesimama, kwa kuwa hali yake imebadilika: siku ya kukaguliwa alikuwa mwoka mikate, na sasa haoki.

Ndipo ikaja barua kutoka Wizarani. Mheshimiwa Waziri, kwa kuwa alitaka wageni wajionee matunda ya sera yake, alikuwa ameamua kwamba mikate yote ya dhifa ya Mkesha wa Uhuru itatoka katika tanuri la Bi Sikitu.

Nilidhani atalia. Alicheka. Alicheka mpaka akashika mlango.

"Jirani," akaniambia, "niazime kinu chako tena. Safari hii natwanga."

Usiku wa dhifa nilikuwa kwenye bendi, nyuma ya meza kuu. Walikuwapo Waziri, wabunge, na mabalozi watarajiwa wa nchi rafiki. Bi Sikitu aliingia na wasichana wa mtaani wamebeba masinia yaliyofunikwa kawa. Kadibodi lake alilitanguliza mbele, likasimamishwa ukutani ili wageni walione. Waziri akanyanyuka kwa fahari.

"Waheshimiwa, mikate hii imetoka katika tanuri lile pale!"

"Kweli kabisa, Mheshimiwa," akasema Bi Sikitu. "Haijapita kwingine."

Makawa yakafunuliwa. Palikuwa na madonge ya unga mbichi uliokandwa vizuri, wenye hamira, yamenyunyiziwa ufuta na kupangwa kwa mapambo. Balozi mtarajiwa mmoja akaligusa donge lake kwa kidole, na kidole kikabaki humo.

"Bi Sikitu," Waziri akasema taratibu, "hii ni nini?"

"Mkate wa awali, Mheshimiwa. Unga upo, chumvi ipo, hamira ipo. Umestahili kuwa mkate, na mimi nimeshauidhinisha. Kuiva ni taratibu tu, kutafuata."

Nawaambieni, sijawahi kumwona kiongozi akifikiri namna ile. Wapiga picha walikuwa wamemlenga. Akisema huu si mkate, basi lile si tanuri, na ule si mkopo, na daraja je? Nchi nzima ilikuwa inaning'inia kwenye lile donge. Alilitazama, akamtazama Bi Sikitu, akamega tonge kubwa, akatia mdomoni, akatafuna.

"Mtamu," akasema. "Una... una mwelekeo."

Basi meza kuu nzima ikala. Wabunge walikula, makatibu walikula, na mkuu mmoja wa mkoa aliomba kuongezwa, akitafuta cheo. Hamira ya Bi Sikitu ni hamira isiyo na mzaha. Hotuba haijafika nusu, waheshimiwa walianza kutuna. Vifungo vya makoti viliruka. Tulipuliza tarumbeta kwa nguvu ili matumbo yasisikike, lakini matumbo yalitushinda. Walikimbizwa hospitali kuu, na huko, nasikia, walipata huduma ya awali.

*

Asubuhi Waziri alimwita Bi Sikitu kando ya kitanda chake. Nilikuwa nimemsindikiza, safari hii kwa woga.

"Mama," akasema Waziri, tumbo lake likipandisha shuka, "nieleze kabla daktari hajarudi. Unataka nini?"

"Tanuri langu la udongo. Mlilivunja."

"Haliwezekani hilo. Tukikurudishia, tutakuwa tumekiri kwamba huna tanuri. Na rejista inasema unalo."

"Basi nijenge mwenyewe, na nyinyi mtazame pembeni."

Akamwita bwana afya. Yule bwana afya, ambaye kumbe naye alikuwa amekunywa chai kavu siku zote zile, alikuna kichwa muda mrefu. "Mheshimiwa," akasema, "mama huyu kisheria ana tanuri moja. Kwa hiyo kitu kingine chochote kitakachosimama nyuma ya kibanda chake, hakiwezi kuwa tanuri. Kama kitakuwa cha udongo, na kina tumbo, na kina tundu, mimi nitakiandika kichuguu."

"Na kikitoa moshi?"

"Mchwa wanapika, Mheshimiwa. Hiyo si idara yangu."

Waziri akafumba macho, akatikisa kichwa kukubali, akashika tumbo.

Bi Sikitu alikijenga kichuguu chake wiki ile ile, na mtaa mzima tulimkandia udongo. Habari ikasambaa. Fundi cherehani mmoja, aliyekuwa anangoja mashine iliyoidhinishwa, akatoa cherehani yake ya zamani, akaiandikisha kuwa mbuzi anayeshona. Watu wa mtoni walimalizia daraja kwa magogo, bwana afya wao akaandika kwamba ni mti ulioanguka. Waoka mikate wa miji mingine nao wakaomba vichuguu. Sasa nchi nzima ina vichuguu vinavyofuka moshi alfajiri, na serikali, baada ya kupitia takwimu, imetishika, imetangaza vita vya taifa dhidi ya mchwa. Mtaalamu wa dawa ameshateuliwa kwa awali.

Tunamsubiri kwa utiifu. Jana nilipita kwa Bi Sikitu, akanibandulia mkate mmoja, akaniwekea kiganjani. Ulikuwa unachoma. Niliumega pole pole, kama mtu anayeogopa atakachokiona, nikautazama. Ulikuwa umeiva mpaka ndani.